Koma, Ritifaa na Jenereta: Kuingiza Kumbukumbu za Mali ya Umma Kutoka Faili za Vitenganishi, kwa Mfano wa Masalani

Utangulizi

Masalani ni mji ulio kusini mwa Kaunti ya Garissa, karibu na Mto Tana, na ndio uliokuwa makao makuu ya Wilaya ya Ijara. Mali ya umma iliyoko hapo na katika vituo vya jirani kama vile Ijara, Kotile, Hulugho, Sangailu na Bodhai ni ya aina inayofahamika kotekote kaskazini mashariki mwa Kenya: visima vilivyochimbwa kwa mashine pamoja na pampu na jenereta zake, maboza ya maji, vitanda vya hospitali, majokofu ya chanjo, madawati, matangi, pikipiki za maafisa wa mifugo. Kila kimojawapo kilinunuliwa kwa fedha za umma au kilitolewa na wahisani kwa niaba ya umma, na hakina budi kuandikwa mahali fulani ili ijulikane kuwa kipo, kiko chini ya nani, na kiko katika hali gani.

Makala haya yanakusudia kufafanua hatua moja tu katika safari ya maandishi hayo, nayo ni ile ya kuyatoa katika faili za vitenganishi na kuyaingiza katika programu ya usimamizi wa mali. Huenda msomaji wa jarida hili akajiuliza jambo hili linamhusu vipi mwanafunzi wa Kiswahili. Jibu ni kwamba makosa mengi yanayozuka katika hatua hiyo hayatokani na umeme wala mitambo. Hutokana na koma, alama za mtajo, ritifaa na tahajia za majina ya mahali, mambo ambayo mwanaisimu huyasomea na ambayo fundi wa kompyuta aghalabu huyapita kwa haraka.

Wala uzito wake si mdogo. Kati ya mwaka 2020 na 2023 eneo hilo lilipitia ukame uliofuatia misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Katika nyakati kama hizo pampu ya kisima hufanya kazi usiku na mchana, na inapoharibika, wanadamu na mifugo hawawezi kungoja. Afisa anayepanga bajeti ya vipuri na dizeli katika makao ya kaunti, mjini Garissa, hakioni kisima kile. Anachokiona ni safumlalo moja katika rejista. Ikiwa safumlalo hiyo imepotea, pampu haimo katika hesabu zake. Ikiwa imejirudia mara mbili, dizeli itatengewa jenereta isiyokuwapo.

Daftari kabla ya faili

Kabla ya mwaka 2013, sehemu ya mali ya umma katika eneo la Masalani ilikuwa chini ya Baraza la Kaunti ya Ijara, mojawapo ya mabaraza 175 ya serikali za mitaa yaliyokuwapo nchini Kenya. Sehemu nyingine ilikuwa chini ya wizara za serikali kuu kupitia ofisi zao za wilaya. Baada ya uchaguzi wa Machi 2013, mabaraza hayo yalikoma na serikali 47 za kaunti zikaanza kazi kwa mujibu wa Katiba ya 2010. Sheria ya Mpito kuelekea Serikali za Ugatuzi ya mwaka 2012 iliipa Mamlaka ya Mpito jukumu la kuorodhesha mali na madeni yote ya taasisi za umma. Muda wa mamlaka hiyo ulipokwisha mwaka 2016, shughuli zilizosalia zilihamia kwa Kamati ya Kiufundi ya Mahusiano baina ya Serikali, na kamati za mali na madeni zikaundwa katika kaunti ili kuhakiki kilichorithiwa.

Urithi huo ulikuwa wa maandishi ya kila namna. Palikuwa na leja za karatasi zenye mistari iliyochorwa kwa mkono, orodha zilizopigwa chapa, na lahajedwali zilizotengenezwa na ofisi mbalimbali, kila moja na mpangilio wake. Neno lenyewe "kaunti" lilikuwa na utata: kifaa kilichoandikwa jina la Baraza la Kaunti ya Ijara kilikuwa cha kaunti kwa maana ya zamani, ilhali sasa Ijara ni eneobunge ndani ya Kaunti ya Garissa. Yeyote anayeandika "mmiliki: kaunti" bila kueleza ni kaunti ya enzi ipi ameacha swali ambalo mhakiki wa baadaye atashindwa kulijibu.

Ripoti za Mkaguzi Mkuu wa Serikali zimerudia mara nyingi kwamba kaunti nyingi hazina rejista kamili za mali. Tangu Julai 2024, serikali ya kitaifa na zile za kaunti zimo katika kipindi cha kuhama kutoka uhasibu wa fedha taslimu hadi ule unaotambua mali na madeni katika vitabu. Katika mfumo wa zamani, jenereta ilikuwa gharama ya mwaka iliponunuliwa, basi. Katika mfumo mpya, jenereta hubaki katika hesabu na thamani yake hupunguzwa mwaka baada ya mwaka hadi itakapouzwa au kutupwa. Ndiyo maana orodha zilizolala makabatini zinafukuliwa na kuandikwa upya katika tarakilishi.

Faili ya vitenganishi ni nini?

Faili ya vitenganishi ni maandishi matupu, yasiyo na rangi wala jedwali la kuonekana, ambamo kila mstari ni kumbukumbu moja na sehemu za kumbukumbu hiyo hugawanywa kwa alama iliyokubaliwa. Mstari wa kwanza kwa kawaida huwa na vichwa. Mfano wa kubuni ni huu:

nambari,kifaa,mahali,tarehe,bei,hali
GSA-0041,Jenereta ya dizeli,Hulugho,2014-04-03,1250000,nzuri
GSA-0042,Jokofu la chanjo,Masalani,2015-11-20,310000,mbovu

Wasomaji waliowahi kutazama miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu hawatauona mpangilio huu kuwa kitu kigeni. Katika miswada hiyo, vipande vya ubeti aghalabu viliandikwa katika mstari mmoja na kutengwa kwa alama ndogo, na msomaji alijua kwamba ubeti una vipande vinne. Alama ikikosekana, kina kingemsaidia kuugundua mpaka. Programu haina sikio la kutambua kina. Ikiambiwa kuna sehemu sita, itahesabu koma tano, na ikizikuta sita itashangaa au, mbaya zaidi, haitashangaa.

Matumizi ya koma kwa kazi hii yalikuwapo katika programu za kampuni ya IBM tangu mwaka 1972, lakini waraka unaotajwa sana kuwa kielelezo chake, RFC 4180, ulitolewa mwaka 2005. Mazoea yalitangulia kanuni kwa zaidi ya miaka 30, kama ilivyo kwa lugha nyingi na sarufi zao. La kusikitisha ni kwamba suluhisho bora zaidi lilikuwapo tangu awali. Msimbo wa ASCII, ulioidhinishwa Marekani katika miaka ya 1960, ulitenga alama nne maalumu za kutenganisha data, ambazo haziwezi kuchanganywa na uakifishaji wa kawaida. Alama hizo hazina kitufe chao kwenye kibodi wala umbo kwenye kioo, na kwa hiyo watu waliziacha wakachukua koma, ambayo tayari ilikuwa na kazi nyingi.

Alama ndogo

Kazi nyingi za koma ndizo chanzo cha matatizo. Karani akiandika kifaa kuwa "Pampu, ya kisima" kama anavyotamka, mstari wake utapata sehemu moja zaidi, na kila kinachofuata kitasogea: mahali pataingia maneno "ya kisima", tarehe patakaa "Hulugho", na bei patakaa tarehe. Bei zenyewe ni mtego mkubwa zaidi. Nchini Kenya, kiasi cha shilingi milioni moja na robo huandikwa 1,250,000. Katika faili ya koma, kiasi hicho ni sehemu tatu, na programu isiyo makini inaweza kusajili jenereta ya shilingi moja.

Kinga inayotumika ni kuifunga sehemu nzima katika alama za mtajo, hivi: "1,250,000". Ndani ya alama hizo koma hupoteza nguvu yake ya kutenganisha. Katika nchi kadhaa za Ulaya, ambako koma hutumiwa kutenga desimali, watu hupendelea nukta-mkato kuwa kitenganishi, na ofisi nyingine hutumia nafasi ya kichapo cha tabo. Kila chaguo linafaa mradi lijulikane na pande zote mbili. Faili zilizoletwa na wahisani kutoka Ulaya zaweza kuwa na nukta-mkato ingawa jina la faili linaonyesha koma, na njia pekee ya kujua ni kuifungua katika kihariri cha maandishi matupu na kuitazama kwa macho.

Alama ya mtajo nayo ina jinai yake. Mafundi wa maji hupima mabomba kwa inchi, na inchi huandikwa kwa alama ileile. Chukua mstari unaosema: GSA-0107,Bomba la 2",Bodhai. Programu nyingine zitaichukua alama hiyo kama ilivyo. Lakini ikiwa sehemu imeanza kwa alama hiyo, au programu imeundwa kuitafuta popote ilipo, itadhani kuwa mtajo umefunguliwa na itaendelea kusoma koma na miisho ya mistari kama sehemu ya maelezo ya bomba mpaka ikute alama nyingine ya inchi, labda mistari 40 mbele. Vifaa vyote vilivyo katikati vitakuwa vimemezwa na bomba moja la Bodhai. Hakuna onyo litakalotolewa. Orodha itakuwa fupi tu. Kanuni ya RFC 4180 inataka alama iliyo ndani ya mtajo iandikwe mara mbili. Kwa maoni ya makala haya, ni heri zaidi kuandika neno lenyewe: bomba la inchi 2. Kiswahili kinalo neno na halivunji chochote.

Ritifaa ni kisa kingine, na kinakihusu Kiswahili moja kwa moja. Neno ng'ombe laweza kuandikwa kwa ritifaa iliyonyooka, ambayo imo katika ASCII, au kwa ile iliyopinda, ambayo programu za uandishi huiweka zenyewe bila kuulizwa. Ritifaa iliyopinda haimo katika ASCII. Faili ikihifadhiwa kwa usimbaji wa UTF-8 kisha ikasomwa kana kwamba imesimbwa kwa mfumo wa zamani wa Windows, "ng’ombe" hugeuka kuwa "ngâ€™ombe". Vivyo hivyo kwa majina ya Kisomali na ya Kiarabu yanayoandikwa kwa ritifaa, kama vile Sa'id. Aliyewahi kuona takataka hizo katika barua pepe atajua kwamba zinasomeka kwa kukisia. Programu haikisii. Kwake, "kibanio cha ng'ombe Kotile" chenye ritifaa iliyonyooka na kile chenye ritifaa iliyopinda ni vibanio viwili.

Tarakimu zinazojibadilisha

Mara nyingi faili ya vitenganishi haiharibiki yenyewe. Huharibiwa na lahajedwali inayoifungua njiani. Katika mpangilio wa Katiba, Garissa ni kaunti ya 7, na katika orodha za Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka msimbo wake ni 007, huku eneobunge la Ijara likiwa na msimbo 032. Lahajedwali inapokuta 007 huona namba, na namba saba haihitaji sufuri mbele yake. Ofisa akibofya mara mbili faili iliyo safi, akaitazama, kisha akaihifadhi bila kubadilisha neno lolote, 007 imekuwa 7 na 032 imekuwa 32. Programu ya mali inayotafuta "032" haitapata kitu. Misimbo hii ni majina yaliyovaa sura ya tarakimu, na inapaswa kutangazwa kuwa maandishi kabla ya faili kufunguliwa.

Namba za mitambo zilizo ndefu hupata madhara ya namna nyingine. Lahajedwali ya kawaida huhifadhi tarakimu 15 zenye thamani. Ya 16 hugeuzwa sufuri. Namba yenye herufi E katikati ya tarakimu, kwa mfano 12E5, husomwa kuwa hesabu ya kisayansi na kuonyeshwa kama 1.20E+06. Wanasayansi wa jeni walisumbuliwa na tabia hii kwa miaka mingi kwa kuwa jeni kama SEPT2 na MARCH1 ziligeuzwa tarehe, mpaka mwaka 2020 kamati inayosimamia majina ya jeni za binadamu ikaona ni rahisi zaidi kubadilisha majina ya jeni kuliko kuibadilisha programu.

Kuhusu tarehe, 03/04/2014 ni tarehe tatu Aprili kwa Mkenya na tarehe nne Machi kwa tarakilishi iliyowekwa mipangilio ya Marekani. Hapo kuna ubaya uliofichika. Tarehe 13/04/2014 haiwezi kusomwa Kimarekani kwa sababu hakuna mwezi wa 13, hivyo itabaki kuwa maandishi. Safuwima moja basi hugawanyika: tarehe zilizo juu ya siku ya 12 hukataliwa na kuonekana, na zile za siku ya 12 na chini yake, isipokuwa chache ambamo siku na mwezi vinalingana, hukubaliwa zikiwa na makosa. Mwandishi wa ripoti atarekebisha zilizokataliwa na kudhani kazi imekwisha. Mpangilio wa ISO 8601, wa mwaka kwanza, mwezi kisha siku, kama 2014-04-03, huuondoa utata huo wote.

Uwezo wa lahajedwali nao una kikomo. Mfumo wa zamani wa faili za Excel ulikuwa na mwisho wa safumlalo 65,536. Mwaka 2020, katika janga la korona, mamlaka ya afya ya umma ya Uingereza ilipokea faili za vitenganishi kutoka maabara na kuzihamishia katika mfumo huo wa zamani. Visa 15,841 vya maambukizi viliachwa nje ya takwimu kwa muda wa siku kadhaa, na waliokuwa karibu na wagonjwa hao hawakutafutwa kwa wakati. Masalani haina safumlalo nyingi hivyo, lakini ikiwa taifa tajiri lenye wataalamu tele lilipoteza watu halisi kwa njia hii, kisima cha Sangailu hakina kinga ya pekee.

Mahali pamoja, majina mawili

Hapa ndipo suala linapogeuka kuwa la isimu hasa. Wakazi wengi wa Masalani ni wasemaji wa Kisomali, na kandokando ya Tana kuna wasemaji wa Kipokomo. Kisomali kilipewa hati rasmi za Kilatini mwaka 1972 nchini Somalia. Katika hati hizo herufi x huwakilisha sauti iliyo katika ha ya Kiarabu, c huwakilisha ayn, na irabu ndefu huandikwa mara mbili. Mtu anayejulikana kwa maandishi ya Kenya kama Mohamed, Ali au Hassan huweza kuandikwa Maxamed, Cali au Xasan. Mji wa Garissa ni Gaarisa. Nchini Kenya, hata hivyo, majina ya mahali yaliandikwa kwanza na watawala wa kikoloni kwa kusikia, na baadaye na makarani waliozoea tahajia ya Kiswahili au ya Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba Hulugho huandikwa pia Hulugo, na Bodhai huandikwa pia Bothai. Tahajia dh ya Kisomali inawakilisha d inayotamkwa kwa kukunja ncha ya ulimi; mwalimu wa Kiswahili huisoma kama dh ya dhahabu, na karani aliyesikia kitu cha katikati huamua kuandika th. Hakuna aliyekosea kwa mujibu wa masikio yake.

Katika leja ya karatasi, tofauti hizi hazikuwa na madhara makubwa. Msomaji wa leja alikuwa mtu wa eneo hilo na alijua kwamba Hulugo na Hulugho ni pamoja. Programu huzilinganisha herufi moja baada ya nyingine. Snipe-IT, programu huria ya usimamizi wa mali inayotumiwa na taasisi za nchi nyingi, hukubali faili za koma, na ikikuta jina la mahali au aina ya kifaa ambayo haijaisajili, huiunda yenyewe. Hiyo ni fadhila kwa anayeanza, kwani haimlazimu kuandika kila kituo kwa mkono. Ni fadhila hiyohiyo inayozaa Hulugho mbili, moja yenye jenereta na nyingine yenye pampu yake, na kumfanya mpangaji wa bajeti aone kituo chenye jenereta isiyosukuma chochote. Nafasi tupu iliyoachwa bila kukusudia baada ya jina, ambayo jicho haliioni kabisa, yaweza kuzaa mahali pa tatu katika programu isiyoiondoa.

Tiba iliyozoeleka ni kutengeneza orodha moja ya majina yaliyokubaliwa kabla ya kuingiza chochote, na kando ya kila jina kuweka tahajia zake nyingine. Kwa zahanati na hospitali, Kenya tayari inayo Orodha Kuu ya Vituo vya Afya, ambayo hukipa kila kituo msimbo wake. Anayeingiza kumbukumbu za jokofu la chanjo anafanya vyema kubeba msimbo huo pamoja na jina. Kwa visima na mabwawa, kazi inahitaji mtu anayekijua Kisomali, anayeijua ardhi, na mwenye subira ya kuuliza wazee kama majina mawili ni ya mahali pamoja au la. Wakati mwingine ni mawili kweli: kisima cha zamani na kipya vyaweza kuitwa jina moja na wageni huku wenyeji wakivitofautisha.

Chapa na jina la ng'ombe

Wafugaji wa eneo hili wana mfumo wao wa kumbukumbu unaolieleza vizuri jambo linalowatatiza makarani wengi. Mnyama hutiwa chapa ya ukoo, na chapa hiyo humwambia mgeni ng'ombe huyo ni wa akina nani. Lakini chapa haimtofautishi ng'ombe mmoja na mwenzake. Kwa kazi hiyo mchungaji ana jina, rangi, umbo la pembe, na nasaba ya upande wa mama. Katika rejista, "jenereta", "Masalani" na "idara ya maji" ni chapa: husema kifaa ni cha kundi gani. Kinachohitajika zaidi ni kitambulishi cha pekee, yaani nambari isiyorudiwa iliyobandikwa kwenye kifaa chenyewe.

Bila kitambulishi hicho, kuingiza faili mara ya pili ni balaa. Programu haina njia ya kujua kuwa mstari wa leo ni jenereta ileile ya jana, hivyo huisajili upya. Kikiwapo, programu nyingi humpa mtumiaji hiari ya kusasisha kumbukumbu zilizopo. Namba ya mtambo iliyopigwa na kiwanda husaidia, lakini si vifaa vyote vilivyo nayo, na kwenye jenereta zilizokaa juani mwaka mzima kibao chake mara nyingi hakisomeki. Madawati hayanayo kabisa.

Jambo moja la ziada kuhusu kusasisha linastahili kutajwa. Sehemu iliyoachwa tupu katika faili yaweza kuwa na maana tatu: kifaa hakina sifa hiyo, karani hajui, au hakuna mabadiliko. Programu hutofautiana, nyingine huiacha thamani ya zamani, nyingine huifuta. Kuandika sufuri mahali pa bei isiyojulikana ni kosa baya kuliko zote, maana sufuri ni bei, na itaingia katika jumla kama kifaa kisicho na thamani.

Kidokezo kuhusu istilahi

Mwongozo wa kazi hii ukiandikwa kwa Kiswahili, mwandishi hukumbana mara moja na neno safu. Kwa wasemaji wengine safu husimama wima, kwa wengine hulala. Ndiyo maana waundaji wa istilahi waliongeza safuwima na safumlalo, maneno yaliyotumiwa hapa. Programu ya Jambo OpenOffice, iliyotolewa mwaka 2004 katika mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na washirika wake wa Uswidi, ilionyesha kwamba lahajedwali nzima inaweza kuzungumza Kiswahili. Ugomvi wa tarakilishi, kompyuta na ngamizi umewapa wanafunzi wengi mada za tasnifu, lakini mtu aliye Masalani na faili mkononi atapata faida kubwa zaidi kwa kukubaliana na wenzake kama "mbovu", "imeharibika" na "haifanyi kazi" ni hali moja au tatu.

Utaratibu wenyewe

Baada ya faili kusafishwa, hatua zinazobaki ni chache na hazina uchawi. Kwanza hutunzwa nakala ya faili asilia isiyoguswa, na nakala ya hifadhidata ya programu. Kisha safuwima za faili huoanishwa na sehemu za programu: kichwa "kifaa" kinakwenda wapi, "hali" inakwenda wapi. Programu hujaribu kukisia uoanishaji huo kwa kulinganisha majina ya vichwa, na vichwa vya Kiswahili mara nyingi huishinda, jambo ambalo si hasara, kwa kuwa humlazimu mtu kuoanisha mwenyewe na kufikiri. Halafu huingizwa mistari michache ya majaribio, iliyochaguliwa kwa ubaya wake: wenye inchi, wenye ritifaa, wenye bei ya koma, wa tarehe 3 Aprili. Mistari hiyo ikipita salama, faili nzima hufuata.

Uhakiki hufanywa kwa hesabu mbili. Idadi ya kumbukumbu zilizoingia inalinganishwa na idadi ya mistari ya faili ukiondoa ule wa vichwa, na jumla ya bei katika programu inalinganishwa na jumla ya bei katika leja. Hesabu ya kwanza hugundua vifaa vilivyomezwa; ya pili hugundua safuwima zilizosogea. Zikitofautiana, ni afadhali kuirejesha nakala ya hifadhidata na kuanza upya kuliko kurekebisha mstari mmoja mmoja ndani ya programu, kwa sababu marekebisho ya namna hiyo hayamo katika faili na yatapotea faili itakapoingizwa tena.

Hesabu zote mbili hukubaliana na leja tu. Kama leja yenyewe haikuitaja pampu, hakuna koma itakayoileta. Kwa hiyo, kumbukumbu zikishaingia, orodha ya kila kituo huchapishwa na kupelekwa huko: Kotile, Ijara, Sangailu, Hulugho, Bodhai. Mhakiki huanza na vifaa, si na karatasi. Husimama mbele ya jenereta, husoma nambari iliyobandikwa, ndipo huitafuta katika orodha. Akianza na karatasi atathibitisha yaliyoandikwa na kurudi nyumbani. Akianza na uwanja wa kisima atakuta pia vile visivyokuwa na mstari wowote, ambavyo huandikwa mwishoni mwa orodha kwa kalamu, pamoja na jina la mahali kama wenyeji wanavyolitamka.